Dakika Tisa za Ijumaa

Watu wa Migori wakisikia kuna wakili wa mambo ya kazi hudhani ni mtu wa kuwatafutia kazi. Kila Jumatatu nikifika ofisini nakuta vijana wawili watatu wamejipanga ngazini na bahasha za kaki, vyeti vimepigwa muhuri, na mmoja hakosi kuvaa tai. Mimi ndiye ninayewaeleza kwamba hapa hatutoi kazi, hapa tunapigania zile zilizokwisha kupotea. Wengine hunitazama kana kwamba kazi yao nimeila mimi. Naitwa Masese, karani wa Wakili Phanice Nyatichi kwa miaka kumi na mmoja sasa, na nikikasirika sifichi. Basi nikianza kufoka hapa mbele, mnivumilie.

Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi kabla ya wateja. Wanakuja wachungaji wa Ogwedhi waliofukuzwa kwa ndama aliyepotea. Wanakuja akina mama wa Muhuru Bay walioanika dagaa wa omena wa tajiri mmoja miaka mitano, kisha siku moja wakaambiwa hawajawahi kuajiriwa naye. Mara moja alikuja mpishi kutoka kisiwa cha Remba akiwa amebeba sufuria iliyotoboka ili iwe ushahidi. Wakili aliwasikiliza wote, na sufuria pia akaipokea.

Ana daftari la shule la bei ya chini kabisa, na penseli. Maswali ambayo atamwuliza shahidi huyaandika kwa penseli, moja baada ya jingine, na lile ambalo halifai hulifuta.

"Kalamu humfanya mtu kuwa mkaidi, Baba Duke," huniambia. Duke ni kifungua mimba wangu, na Wakili, kwa kuwa ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, hawezi kuniita Masese hivi hivi.

Yeye ni Msabato, na Sabato yao huanza Ijumaa jua likitua. Ijumaa ikifika saa kumi jioni anaanza kutazama saa. Saa kumi na moja kabati limefungwa, na hata mteja aje akilia ataambiwa arudi Jumapili. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili niko misa. Siku moja nilimwambia kwamba ofisi yetu ina dini nyingi kuliko siku. Alicheka mpaka akavua miwani. Tumetaniana hivyo miaka yote, na utani huo ndio uliotuponza katika kesi ya Elkana Bogonko.

Elkana ni Mkisii kama sisi. Alitoka kwao milimani akashuka Homa Bay, akapata kazi ya kuendesha mtambo katika kiwanda cha samaki kiitwacho Barafu Ziwani. Mtambo wa barafu unatumia gesi kali ambayo ikivuja huchoma macho na mapafu, kwa hiyo hauachwi peke yake. Naye ni Msabato. Meneja aliyemwajiri alikuwa muungwana. Alimpa barua kwamba siku ya Ijumaa aruhusiwe kuondoka jua likitua, na zamu yake ipokewe na mwenzake, Javan Onditi. Javan, Mjaluo wa papo hapo Homa Bay, alifanya Jumamosi za Elkana, na Elkana akafanya Jumapili za Javan. Walikaa hivyo miaka sita. Milka, mke wa Elkana, alimnyonyesha mtoto wa Javan wakati mama yake alipolazwa. Hao hawakuwa watu wa kusalimiana tu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, Elkana alitoka getini saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba jioni. Mlinzi aliandika. Javan aliingia saa kumi na mbili na arobaini na sita. Hilo pia mlinzi aliandika. Katikati ya hapo bomba lilipasuka. Javan alikuta kengele ya hatari inalia na chumba kimejaa gesi, akajifunga shati usoni, akaingia kufunga. Alifaulu, lakini jicho lake la kushoto halikupona. Jumapili asubuhi Elkana alipofika kazini alikuta barua kwa mlinzi: umefukuzwa kwa kuacha mtambo. Hakuruhusiwa hata kuingia kuchukua koti lake.

Kutoka hapo ikawa mlango baada ya mlango. Alikwenda Muhuru Bay kwenye mtambo wa barafu, wakapiga simu Homa Bay, wakaambiwa, "Huyo ni yule aliacha mtambo ukapasuka, akaenda kuomba." Akahamia Migori akawa anaponda kokoto. Mikono ya fundi ilikuwa imegeuka magamba. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza aliketi kwenye ukingo wa kiti.

"Mimi sitaki mambo mengi, Wakili," alisema. "Nataka hiyo neno itoke. Aliacha mtambo. Mimi sikuacha. Niliondoka na ruhusa, jua ikiwa imeshuka. Ni Javan alichelewa."

Na kwa karatasi, alikuwa sahihi. Ndani ya Biblia yake alikuwa amebandika kadi ndogo ya saa za machweo ya kila Ijumaa ya mwaka, ile ambayo mzee mmoja wa kanisa lao aliwaletea. Ijumaa ile, kadi ilisema jua linatua saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Elkana alitoka dakika hiyo hiyo. Barua ya meneja ilimruhusu kutoka jua likitua. Javan akaingia dakika tisa baadaye. Mtoto wa darasa la nne angetoa hesabu hiyo akaona kosa ni la nani.

Javan alikuwa shahidi wa kiwanda. Katika maelezo yake aliandika kwamba alifika jua likizama, kama alivyofika siku zote. Nakiri kwamba nilicheka niliposoma. Wakili aliandika swali la kumi na nne katika daftari lake: Bwana Onditi, kwa nini ulichelewa dakika tisa? Hilo ndilo swali lililobeba kesi yetu. Nalo lingebeba na kazi ya Javan, maana wakili wa kiwanda, Bwana Maranga, aliniambia siku moja akifunga mkoba wake, "Mkishinda kwa njia hiyo, Masese, kiwanda kitajua cha kufanya na huyo Javan." Nilimwambia hilo halituhusu. Elkana na Javan walikuwa hawajasemezana miaka miwili.

Kesi ilipangwa kusikizwa Homa Bay siku ya Alhamisi, miaka miwili kamili baada ya ajali, wiki ile ile ya Machi. Tulifika Jumatano alasiri, Wakili akaingia chumbani mwake katika nyumba ya wageni kupitia maswali, nami nikashuka karibu na gati kunywa chai. Nilikuwa na faili kwapani, kwa sababu faili siiachi chumbani, nimeshaona mengi. Nikaketi kwenye benchi la mama mmoja muuza mandazi, nikitazama ziwa, sina neno na mtu.

Sijui ni nini kilinifanya nitoe nakala ya ile kadi. Labda ni kukosa gazeti. Nikatazama mstari wa wiki ile: thelathini na saba. Nikatazama simu: thelathini na saba. Nikainua macho.

Jua lilikuwa palepale. Limeiva, jekundu, lakini liko juu, zima kama sinia. Nikadhani simu yangu ina wazimu. Nikamwuliza yule mama saa, akaniambia saa ile ile. Nikakaa nikilitazama jua lile mpaka machozi yakanitoka, na lilipozama kabisa nikatazama tena simu. Arobaini na sita.

Nikasoma kadi upya, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa ambayo miaka miwili hatukuyajali. Saa za Nairobi. Basi nikaelewa. Jua huanza kuwaacha watu wa Nairobi, ndipo linakuja kutuaga sisi wa ziwani. Kadi imechapishwa kule, imeletwa huku, na Msabato wa Homa Bay akaifuata bila kuinua shingo.

Na mimi, mpumbavu, nilifurahi. Sikuwaza kesi. Niliwaza utani. Nilipanda mbio mpaka chumba cha kulia cha nyumba ya wageni, nikamkuta Wakili anakula samaki, nikamwambia kabla sijaketi, "Wakili! Kumbe ninyi Wasabato wa huku mnaanza Sabato jua likiwa bado linachapa kazi! Dakika tisa nzima! Mungu anawashangaa!"

Alitabasamu. Nikamweleza. Nikaweka kadi mezani, nikamwonyesha maandishi ya chini. Tabasamu likamwondoka polepole, akaweka chini tonge lililokuwa mkononi. Hapo ndipo na mimi nikasikia nilichokuwa nimekisema.

"Javan hakuchelewa," Wakili akasema.

"Wakili..."

"Alifika jua likizama. Kama alivyoandika."

Niliketi. Nikaanza kuongea haraka haraka, kama mtu anayezoa unga aliomwaga. Nilimwambia hakuna ajuaye. Maranga hajui, hakimu hajui, Javan mwenyewe hajui kitu kuhusu kadi. Elkana anaamini, kwa hiyo akiapa hasemi uongo. Nilimwambia sheria haimtaki wakili ampelekee adui yake mkuki. Hilo nilikuwa nimelisikia kwake mwenyewe.

"Ni kweli," alisema. "Silazimiki kuwaambia. Lakini kesho nitamsimamisha mtu ambaye jicho limeharibika, nimwambie mbele ya hakimu kwamba alichelewa, na mimi najua hakuchelewa? Hiyo ni kitu nyingine, Baba Duke."

"Basi usimwulize. Acha Elkana aseme."

"Elkana akisema, ni mimi nimemsimamisha aseme."

Akafungua daftari. Akachukua kifutio akafuta swali la kumi na nne, akapuliza vumbi la kifutio kando ya sahani. Nilimkasirikia sana. Niliona miaka miwili ya kazi inapeperuka na vumbi lile, nikamwambia kwamba dhamiri ni kitu kizuri kwa mtu ambaye hapondi kokoto. Alisema tu kwamba kesi ni ya Elkana, na asubuhi atamwambia. Samaki wake alibaki hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi tuliwakuta Elkana na Milka uani mwa mahakama. Elkana amevaa koti la kuazima, Biblia mkononi. Javan alikuwa ameketi kwenye benchi la upande wa pili, karibu na gari la kiwanda lililomleta, amegeuza uso ili jicho zima lituelekee. Wanaume wale wawili walitazama kila mahali ila kutazamana.

Wakili aliwavuta kando, akawaeleza pole pole kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii ili pasiwe na neno lililopotea. Elkana alifungua Biblia, akaisogeza kadi karibu na macho, akasoma maandishi ya chini. Alisoma mara nyingi. Kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, nani alikutuma uangalie jua?"

Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo usiku kucha.

"Haiwezekani," akaendelea. "Mimi nikitoka hiyo saa, jua haionekani."

"Upande wa magharibi kuna ghala," Wakili alisema. "Nimeiona picha ya kiwanda. Ghala lile limeziba. Wewe ulikuwa unaona mwanga, na mwanga hukaa hata baada ya jua."

"Miaka sita?"

"Miaka sita. Kila Ijumaa mtambo ulikaa peke yake dakika kadhaa, na haukupasuka. Siku moja ukapasuka."

Elkana alifunga Biblia. Niliuona uso wake ukihesabu, Ijumaa moja baada ya nyingine. Milka ndiye aliyesema, na alisema akimkazia Wakili macho.

"Wakili, wewe uko upande gani?"

"Wake."

"Basi mwache aseme vile aliandika. Watoto wamelala njaa kwa sababu ya hii maneno. Dakika tisa ni nini? Hata chai haijachemka."

"Mama Nyaboke," Wakili akamwita Milka kwa jina la mtoto wake, "nisikilize. Javan sitamwuliza lolote la kuchelewa. Hilo nimeamua. Mume wako akiulizwa atajibu yeye, mimi siwezi kumtilia maneno mdomoni. Lakini akisema mbele yangu kitu ambacho sasa anajua si kweli, nitalazimika kujiondoa katika kesi, papo hapo." Kisha akamgeukia Elkana, sauti ikashuka. "Ndugu yangu, nimekuambia kwa sababu ni kesi yako. Ningeweza kunyamaza uende ukaape ukiwa hujui. Nilifikiria. Nisamehe kwamba nilifikiria."

Elkana hakumwambia amemsamehe wala hajamsamehe. Karani wa mahakama alitoka mlangoni akaita jina lake.

Mashahidi ambao hawajatoa ushahidi hukaa nje, kwa hiyo Javan alibaki kwenye benchi lake. Ndani kulikuwa na joto la asubuhi, feni inazunguka bila kutoa upepo. Elkana aliapa. Wakili alimwongoza kupitia kuajiriwa kwake, barua ya meneja, zamu za Jumamosi na Jumapili. Kila swali lilikwenda sawa, na kila jibu lilizidi kutusogeza kwenye Ijumaa ile.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili na thelathini na saba."

"Ulijuaje kwamba wakati wako wa kuondoka umefika?"

"Kwa hii kadi."

Wakili aliketi. Hakimu aliinua macho kidogo, akashangaa kwamba amemaliza mapema. Maranga alisimama akivuta mikono ya joho lake. Alikuwa na maswali mengi ya mabomba na kengele, na Elkana aliyajibu yote vizuri, kwa sababu mtambo ule anaujua kama mke wake. Nikaanza kupumua. Nikadhani Maranga hatafika huko. Kwa nini afike? Hakuna wakili anayempa mpinzani nafasi ya kusema mambo yake upya. Lakini Maranga anapenda kumchokoza shahidi kabla ya kuketi, na siku zote nimesema tabia hiyo itamwua.

"Kwa hivyo, Bwana Bogonko," akasema, na akatabasamu upande wa hakimu, "wewe na mtambo wako ni watakatifu. Mwenye makosa ni Javan Onditi, ambaye amepoteza jicho akifunga gesi uliyoiacha. Ndivyo unavyoiambia mahakama? Javan alichelewa?"

Milka alinishika mkono. Kucha zake ziliingia.

Hakimu alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Maranga akarudia swali, taratibu, kama anavyozungumza na kiziwi. Elkana alitazama mlango uliofungwa, ule ambao Javan alikuwa nje yake, na alipogeuka sauti yake ilikuwa ndogo mno hata hakimu akamwambia arudie.

"Javan hakuchelewa," alisema. "Mimi ndiye niliwahi kutoka."

Sitawadanganya. Nilimtukana moyoni, yeye na kadi yake. Maranga alisimama mdomo wazi, kisha akafunga mdomo kwa haraka kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Alimtaka aeleze, naye Elkana akaeleza yote: Nairobi, ghala, jua. Dakika tisa. Maranga akasema hana swali zaidi, na kwa kuwa mlalamikaji amekiri, kiwanda hakina haja tena na ushahidi wa Javan Onditi. Milka aliuachilia mkono wangu akaficha uso kwenye leso.

Wakili Nyatichi alisimama. Sheria humruhusu kumwuliza mteja wake maswali machache ya mwisho juu ya yale yaliyozuka. Hakuwa na kitu chochote daftarini kwa jambo hili, nilikuwa naona ukurasa mweupe. Mimi nilijua anatafuta la kuuliza.

"Bwana Bogonko, umeyajua lini haya ya kadi?"

"Leo asubuhi."

"Tangu ile Ijumaa mpaka ulipofukuzwa Jumapili, kuna mtu yeyote wa kiwanda aliyekuita akakuuliza kwa nini ulitoka saa ile?"

"Hapana."

"Uliitwa kikaoni? Wewe na mwenzako wa kazini wa kukusindikiza?"

"Hapana. Barua nilipewa na mlinzi, getini."

"Ungeulizwa, ungesema nini?"

Elkana alifikiri. "Ningeonyesha kadi," alisema. "Tungesimama nje pamoja, Ijumaa inayofuata, tuangalie. Tungeona wote."

Hakimu aliandika jibu hilo kwa muda mrefu. Akaweka tarehe ya hukumu baada ya wiki sita.

Tulipotoka, gari la kiwanda lilikuwa limekwisha kuondoka na Javan. Hakuna aliyemwambia kwa nini hakuitwa. Milka alimpita Wakili bila kumpa mkono. Njia nzima mpaka Rongo mimi na Wakili hatukusemezana, na tulipofika Migori nilimwambia kwamba kama ataendelea kufanya kazi hivi, mimi nitatafuta pengine pa kufanyia ukarani. Alisema, "Sawa, Baba Duke." Wiki hizo sita alikonda. Alikuja ofisini, alisikiliza watu, lakini alikuwa akisahau kula, na Sabato mbili alirudi kutoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha kwa sababu Milka, ambaye husali naye, na wanawake wa kikundi chake walihama benchi alilokalia. Mimi sikuondoka. Ningekwenda wapi?

Siku ya hukumu Elkana alikuja peke yake. Watu walikuwa wachache. Hakimu alisoma haraka, kama wanavyosoma wote, nami nilikuwa nimekaza masikio nisipoteze neno.

Alisema mlalamikaji alitoka mapema, na kosa hilo ni lake. Alisema Javan Onditi hakuchelewa, na kwamba mahakama haikulijua hilo kwa ushahidi wa kiwanda ila kwa kinywa cha mlalamikaji mwenyewe, aliyejua litamdhuru. Alisema sheria humtaka mwajiri amweleze mtu kosa lake na amsikilize kabla ya kumfukuza, na kiwanda hakikufanya hivyo. Kingemsikiliza, ukweli ungejulikana ndani ya wiki moja badala ya miaka miwili. Kufukuzwa kwake hakukuwa haki. Kazini hatarudishwa, muda umepita na imani imevunjika. Lakini apewe cheti cha kazi kinachosema miaka aliyofanya na kazi aliyofanya, bila neno jingine, na kiwanda kisimchafue kwa mtu yeyote atakayepiga simu.

Wakili aliinama akagusa meza kwa paji la uso. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Nami nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Elkana alinitazama akiuliza kama amesikia sawasawa, nikamwambia ndiyo, neno limetoka.

Tulipogeuka kutoka, Javan alikuwa amesimama nyuma ya benchi la mwisho. Alikuja mwenyewe, bila gari la kiwanda. Alikuwa amesikia yote. Alitangulia nje, akasimama penye kivuli cha ukuta, na Elkana akamfuata akiwa na nakala ya hukumu mkononi. Sisi tulibaki hatua chache nyuma. Wakili alinishika koti nisisogee.

"Omera," Elkana alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Javan. Mimi nilidhani..."

"Najua vile ulidhani. Nimesikia huko ndani." Javan hakupaza sauti. Jicho lake lililoharibika lilikuwa na ukungu mweupe, na lile zima lilikuwa likimtazama Elkana moja kwa moja. "Mimi sikujia mambo ya kesi. Kuna kitu nataka uniambie. Nilikaa wodi siku kumi na moja. Walikuwa wamenifunga macho yote mbili, sioni mtu. Kila mlango ikifunguliwa nilikuwa nauliza sista, ni Elkana? Ni Elkana amekuja? Siku kumi na moja. Ulikuwa wapi?"

Karatasi iliyomsafisha Elkana ilikuwa mkononi mwake, na ndani yake hapakuwa na neno la kumjibu mtu huyu. Akaketi chini palepale kwenye changarawe na koti lake la kuazima, akalia kwa sauti mbele ya watu. Wakili naye alikuwa analia, na mimi pia. Javan hakumwinua, wala hakwenda zake. Alisimama pale ukutani akisubiri kujibiwa.